Charulekha Mlangoni mwa Treni

Paskalia alikuwa na miaka kumi na miwili alipomwona Charulekha, mwigizaji wa Kihindi, kwa mara ya kwanza, kwenye sinema ya Moshi, akiwa amebanana na dada yake kiti kimoja. Kihindi hakujua hata neno. Lakini yule mwanamke aliposimama mlangoni mwa treni, nywele zikipeperuka, akamwambia jambo kijana aliyebaki stesheni, Paskalia alielewa kabisa: nisubiri, nitarudi.

Tangu hapo hakukosa picha yake. Alijua kwamba Charulekha alianza kwa kubeba mtungi nyuma ya wachezaji, asipewe la kusema. Baadaye akaigiza mjane bubu wa mfinyanzi, akalia kwa macho tu mpaka Bombay nzima ikamjua. Ile ya treni ndiyo iliyomfanya steringi. Sura yake ikajaa kwenye kalenda za maduka.

Gervas, mchumba wake, alipopata nafasi ya kusomea misitu Sweden, Paskalia alimwambia, "Nenda. Nitakusubiri." Akasubiri miaka saba. Wanaume wengine walibisha hodi, wakarudi walikotoka.

Sasa wako Rågsved, huko huko Sweden, wameoana miaka thelathini na ushei. Juzi alikuwa chumba cha kufulia cha jengo lao, anakunja mashuka huku akiimba kwa pua wimbo wa ile picha ya treni. Jirani mpya akasimama na kikapu chake: Maya, Mhindi mzaliwa wa Jinja, aliyefika Sweden akiwa msichana.

"Charulekha!" akasema Maya kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Unajua ile picha?"

"Kwa moyo! Pale mlangoni anaposema nisubiri..."

Maya akacheka taratibu. "Hapana, dada. Anasema, usinisubiri. Mimi sirudi."

Paskalia akaketi juu ya mashuka. Nje theluji ilianguka bila haraka, na mashine zilizunguka, zikazunguka.

Alipopanda nyumbani alimsimulia Gervas yote. Gervas akavua miwani.

"Barua zako," akasema, "nilikuwa nazipeleka msituni. Nakaa kwenye gogo, naogopa kuzifungua. Kila moja nilidhani ndiyo ya kuniaga."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungenicheka."

Hakucheka. Alisogeza kiti karibu. "Huo msitu ulikuwaje?"

Gervas akafumba macho, akaanza na miti yenye magome meupe, na ukimya wa msitu.