Goti Alilozaliwa Nalo

Bibi mmoja, fundi cherehani, alikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto tu. Goti la kulia lilikuwa na kasoro tangu utotoni: pia yake, kile kifupa cha mviringo cha mbele, ilikuwa imehamia ubavuni. Nyumbani kwao kila mtu alijua sababu. Dada yake mkubwa, angali msichana mdogo, alimwangusha akiwa mchanga. Mama yao aliliimba hilo mpaka anaingia kaburini, na dada mtu hakuwahi kujitetea. Alimbeba mdogo wake kwenda shule, akamfulia nguo, na hata walipoota mvi alikuwa bado anakuja kumchotea maji.

Mjukuu wa fundi alichelewa kutembea, na alipoanza, goti lake halikunyooka. Mama yake alikuwa kazini, basi bibi akampeleka hospitali. Daktari wa mifupa aliukunja mguu, akaunyoosha, kisha akaeleza taratibu kwamba pia ya goti haikuwahi kukaa kwenye mfereji wake. Wangepasua, walegeze nyama zilizokaza upande wa nje, warefushe msuli wa paja, halafu waivute pia irudi katikati.

Fundi alipoinuka kuchukua mkoba, daktari alimtazama anavyotembea, akamwomba apandishe gauni kidogo.

“Hili limeanza lini, bibi?”

“Niliangushwa nikiwa mchanga.”

Daktari akalipapasa. “Hapana. Hili ulizaliwa nalo, kama mjukuu wako.”

Fundi alirudi nyumbani na neno hilo, asijue aanzie wapi. Siku ya upasuaji dada yake alikuja kukaa naye kwenye benchi, nje ya chumba. Hapo ndipo alipomweleza.

Dada akamgeukia. “Kwa hiyo sikukuangusha?”

“Uliniangusha, dada. Ila goti halikutoka hapo.”

Dada akacheka, kicheko kikageuka kilio. Fundi hakumbembeleza; alimwacha alie mpaka atosheke.

Mtoto alitoka na plasta ngumu, paja hadi kifundo. Ilipofunguliwa, mazoezi ya kukunja goti yalimliza, na bibi akalia naye kwa siri. Leo anapanda ngazi mwenyewe. Akichoka huchechemea kidogo, na daktari atamfuatilia mpaka amalize kukua.

Goti la fundi limebaki lilivyo. Aliyebadilika ni dada yake. Maji hachoti tena. Juzi alimwagiza mdogo wake aende kwake, tena asiende mikono mitupu, na fundi akaenda, akinung'unika njia nzima, moyo mweupe.