Kisahani Kilichojifunza Kupinda

Plastiki ikiungua ina harufu inayoingia puani na kukaa kooni, haitoki hata ukinywa maji. Kila nikiisikia, hata leo nikiwa nimekaa kwangu Lodwar na jirani anawasha jiko lake kwa mfuko wa nailoni, mimi hukasirika kwanza halafu ndipo nakumbuka kwa nini. Nyumbani wamezoea. Binti yangu akiona uso wangu umebadilika huwaambia wenzake, "Mwacheni mama, amesikia moshi." Nakasirika kwa sababu ya kisahani kimoja cha kurusha, kisahani changu mimi, kilichochomwa katika shimo la taka nyuma ya uwanja hapa hapa Lodwar mwanzoni mwa mwaka 2013, wakati kila ukuta umebandikwa picha za watu wanaotaka kura. Wengine wana hasira ya ng'ombe walioibiwa, wengine ya mume aliyehama. Yangu ni ya kisahani. Cheka ukitaka, lakini sikiliza mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nakaa Kakuma mjini na mama na babu yangu, upande huu wa laga, ule mto wa mchanga usio na maji, kambi ya wakimbizi ikiwa upande ule. Watoto walinibandika jina Shosho, maana nilikuwa naongea kama bibi kizee, naanza na mbuzi namaliza na mvua, na katikati nimepitia harusi ya watu. Sijabadilika, kama unavyoona. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo mtu akitaka maandishi yaliyonyooka aende kwa wengine. Mwaka 2012, jua likiwa kali hivi kwamba mbwa walikuwa wanavuka barabara kwa kukimbia, kulikuja mchezo. Alikuja nao Mwalimu Bahati, Mkongo wa kambini, mrefu, shati limepigwa pasi kila siku ingawa sijui aliipasha wapi pasi hiyo. Mgeni mmoja aliyewahi kujitolea kambini alikuwa amemfundisha, kisha akaondoka akamwachia sanduku zima la visahani. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza: unarusha kisahani mpaka kiingie katika kikapu cha minyororo, na anayefikisha kwa mirusho michache ndiye bora. Vikapu vyetu Mwalimu alivitengeneza kwa rimu za baiskeli na minyororo mibovu, akavitundika kwenye miti ya mathenge kando ya laga. Kisahani kikigonga, minyororo inalia. Hiyo sauti nitairudia.

Siku ya kuchagua, watoto walivamia lile sanduku kama mbuzi waliofunguliwa mlango. Wavulana walichukua vile vyembamba vyenye ukingo mkali, vinavyokwenda mbali, na vyekundu viliisha kabla sijafika. Mwalimu aliniona nimesimama na mikono mitupu, akaniita; kwao hata mtoto wa kike huitwa mama. "Mama, kuya hapa. Wewe mukono yako ni ya kuku. Ile ya mbali itakusumbua bure." Watu walicheka, na mimi nilitaka kuondoka. Lakini akaniinamishia sanduku, akanionyesha vile vilivyobaki chini, vinene, vya ukingo butu, ambavyo tuliviita puta, vya kurusha karibu na kikapu. Akasema hata hivyo si vyote tabia moja. Kuna kisahani kikaidi: ukikirusha kwa mkono wa kulia kutoka kifuani, kinafika njiani kinachoka na kujitupa kushoto. Na kuna kile kinacholegea: kinaanza kwa kuegemea kulia, kinaelea, halafu kinajirudi taratibu na kutua bila fujo. Mwenye mkono mwepesi anataka hicho, kwa sababu kinamsaidia safari. Nikamwuliza nitakijuaje. Akanishika kidole gumba akakipitisha ukingoni, pale panapokuwa na mshono wa plastiki. "Musikie huu mustari. Ukiwa chini, kitapinda. Ukiwa juu, kitakatala." Nilipapasa vyote, kimoja kimoja, macho nimefumba, wenzangu wakinisubiri na kunitukana. Nikachukua kimoja cha rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Achol, rafiki yangu wa kutoka Sudan Kusini, alikitazama akasema, "Shosho, hiki hata mbwa hawezi kukiramba." Nikamwambia yeye achukue chake chekundu akaolewe nacho.

Basi, kumbe kuchagua ni mwanzo tu. Puta mpya, hata kama ni ya kupinda, ina ukaidi wa upya. Lazima uizoeshe. Wavulana waliposikia hivyo walikwenda kusugua vyao kwenye mawe siku hiyo hiyo, vikatoka ukingo umechanika kama msumeno, vikawakata vidole, na hewani vikawa vinatikisika kama mlevi. Mimi nilijiona mwerevu. Nilikuwa nimemwona mama akizoesha chombo kipya cha maziwa, kile cha mti: anakipaka mafuta ya mbuzi, anakifukiza kwa makaa, anarudia mpaka kinaacha kunuka mti na maziwa yanakaa vizuri. Mimi nikafanya hivyo hivyo. Nilikipaka kisahani mafuta pande zote mbili, nikakishika juu ya moshi, nikakipaka tena. Kilinukia vizuri sana, ukitaka ukweli. Kesho yake mbele ya watu wote nikakirusha, kikaniponyoka mkononi kama kambare, kikaenda nyuma badala ya mbele, kikaangukia karai la mama mmoja Msomali aliyekuwa akikaanga sambusa kando ya uwanja. Mama yule alikitoa kwa kijiko, akakiinua juu. "Nani amenitumia hii? Imekuja na mafuta yake tayari!" Mwalimu Bahati alicheka mpaka akakaa chini na shati lake la pasi. Bahati yangu kiliangukia ukingoni, hakikuzama. Kilipata alama moja tu, kama jicho dogo jeusi.

Nyumbani nilimweleza babu. Babu alikuwa ameanza kupoteza macho, anaona vivuli tu, na upofu ulimfanya mkorofi zaidi. Alikaa mlangoni juu ya ekicholong yake, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa, na kutukana kila aliyepita. Alikipokea kisahani, akakinusa. "Huyu mtoto anataka kukila," akasema. Kisha akawa anakizungusha mikononi, akiuliza ninataka kipinde upande gani. Nikamwambia. Akaniambia habari za fahali wake wa ujanani, aliyemwimbia nyimbo, jinsi alivyomkunja pembe. Pembe hupigwa kwa jiwe, lakini si kwa hasira. Unapiga kidogo kidogo, mahali pale pale, unaacha ipumzike, kesho unapiga tena. Ukitaka ipinde leo, itapasuka, na fahali atakuchukia. "Wale wavulana wako wamepasua pembe," akasema. "Wewe una haraka ya nani?"

Nikaanza hivyo. Asubuhi nikienda na mtungi kuchota maji, nilirusha mara kumi kwenye shina la mathenge moja, si kwa nguvu, nikiangalia kipigwe ukingo ule ule. Jioni mara kumi. Mchana nilikilaza kivulini, kifudifudi chini ya mtungi uliojaa, kwa sababu jua la Kakuma likikuta plastiki limeikunja kama chapati. Nilikifuta vumbi kwa kanga ya mama bila ruhusa. Miezi ilikwenda. Ukingo ukalainika, ukapata vidonda vidogo ambavyo nilivijua kwa gumba langu hata gizani, na lile jicho jeusi la karai. Siku moja, nakumbuka upepo ulikuwa umekufa kabisa, nilikirusha, nacho kikaegemea kulia chenyewe, kikauzunguka mti, kikarudi kama aliyesahau kitu, kikaingia kwenye minyororo. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilimweleza babu kwa mkono, nikiuchora ule mwendo kwenye kiganja chake. Akasema yeye hataki kuchorwa, anataka kusikia hiyo minyororo. Lakini miguu yake haikuweza kuvuka laga, wala lori halikukubali kuvuka kwa ajili ya mzee mmoja. Nikamwahidi atasikia siku yoyote itakayowezekana.

Siku hiyo ikaja. Mashindano yalipangwa Lodwar, watoto wa Kakuma na watoto wa huko, na mama akasema babu aende na sisi ili apitie hospitali kuonyesha macho. Tulipakiwa kwenye lori, babu akakaa mbele na dereva, akimtukana kwa kila shimo. Matusi yaliisha tulipofika. Uwanjani kulikuwa na wageni wenye kamera na afisa mmoja wa michezo kutoka ofisi iliyodhamini, kijana wa suruali ya mifuko mingi, jina lake silitaji kwa sababu halistahili wino wangu. Yeye ndiye aliyemsainia Mwalimu Bahati barua ya kutoka kambini; bila barua hiyo Mwalimu angerudishwa kwenye kizuizi cha kwanza cha polisi. Kumbuka hilo.

Kikapu cha mwisho kilikuwa nyuma ya mwamba, mkono wa kulia, na kushoto kwake kichaka cha miiba. Nilipouona mwamba ule nilicheka peke yangu. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya kisahani changu. Nikamkalisha babu juu ya ekicholong yake karibu na kikapu, nikamwambia, "Babu, tega sikio hapo." Akasema, "Nimetega tangu Kakuma."

Hapo afisa akapita kwenye mstari na gunia. "Leteni hizo zenu. Hizi zimechoka, zimejaa mikwaruzo. Wageni wakipiga picha wataona aje? Wataona hatuwajali." Nyuma yake kijana alibeba boksi la visahani vipya, vya manjano, vinang'aa. Nilimtazama Mwalimu Bahati. Alifungua mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Chefu, hii ya huyu mutoto, haiko ya kuchoka. Ni ya kujifunza." Afisa akamwuliza, "Wewe unataka kurudi na lori au na polisi?" Alisema huku anatabasamu, kwa sababu ya kamera. Mwalimu akatazama viatu vyake. Simlaumu. Yaani, namlaumu kidogo, halafu naacha.

Ikafika zamu yangu. Na hapa ndipo penyewe. Sikukimbia, sikulia, sikukificha chini ya nguo kama Achol alivyoninong'oneza nifanye. Nilifundishwa kwamba mkubwa akiomba kitu unampa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Nikampa. Akanipa kile cha manjano, na mimi nikasema, "Asante." Miezi saba ya mkono wangu, nikasema asante.

Nilipapasa mshono wa kile kipya. Ulikuwa juu. Nilijua kabla ya kurusha. Nikajaribu kukiinamisha mkononi, kukilazimisha, lakini kilinyooka kama mjumbe wa chifu, kikaupita mwamba, kikajitupa kushoto, miibani. Watoto wa Lodwar wakashangilia. Kamera zilipiga picha, maana manjano juu ya miiba ni maridadi. Babu alibaki na kichwa kimeinama upande, sikio limetegwa. Mwishowe akauliza, "Bado hujarusha?"

Baadaye nilifuata moshi. Shimo lilikuwa nyuma ya uwanja, na gunia lote lilikuwa ndani. Changu kilikuwa juu, nilikitambua kwa lile jicho; kilikuwa kimekunjamana, kinachuruzika. Nilichukua kijiti nikajaribu kukivuta, kikanyooka kama ugali mbichi kisha kikakatika. Babu alikufa kiangazi kilichofuata. Hospitali walimwambia macho hayatarudi. Minyororo hakuisikia kamwe.

Sasa watu husema tumeendelea. Lami imefika, Lodwar na Kakuma ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ofisi zimekuwa nyingi kuliko mikoma kando ya mto Turkwel. Sikatai. Lakini ile tabia ya kuona kitu kilichozoeshwa kwa mkono wa mtu na kukiita kichafu, hiyo haijapata lami yoyote. Bado wanakuja na maboksi. Bado wanataka tung'ae.

Mwaka jana nilimwona yule afisa sokoni, amenenepa, ananunua samaki wakavu. Kwa miaka yote nilikuwa nimepanga matusi ya kumpa, mengine niliyaazima kwa babu. Akaniona namtazama, akatabasamu kwa adabu, akanisalimia Kiturkana. "Ejok."

"Ejok-noi," nikajibu. Mdomo huu!

"Ninakujua? Ulikuwa kwa zile programu zetu za watoto?"

"Nilikuwa. Kisahani changu kiko wapi?"

"Kisahani gani?"

"Cha rangi ya maji machafu. Nilikupa kwa mikono miwili."

Akacheka, akasema walikuwa wamegawa visahani vingi sana, hawezi kukumbuka kila kimoja, na kama bado napenda mchezo anaweza kunitafutia kipya. Binti yangu alikuwa ameshika kanga yangu. Ana miaka saba, naye ana kikombe cha bati chenye mikunjo asichokubali mtu mwingine akinywee. Yule afisa, mwenye moyo mwema siku hiyo, aliinama akanyoosha mkono kukitazama. "Kizee sana hiki, mrembo. Nikununulie kingine?"

Mtoto alinitazama kwanza. Akakificha kikombe nyuma ya mgongo, akamkazia macho.

"Msalimie mzee," watu wa sokoni wakamwambia. "Sema asante."

"Hasemi," nikawaambia.