Meya wa Bomba la Nakawa

Nilisoma Kifaransa chuo kikuu nikitarajia kupelekwa Paris. Nilifika Nakawa, Kampala. Chini ya kilima cha Mbuya kulikuwa na ua wa vyumba vya mabati ambao wakazi wake, watu wa Zaire, waliuita Komini, yaani manispaa kwa lugha ya wakubwa wao. Nilipanga chumba humo kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, ingawa rafiki zangu niliwaambia ni kwa ajili ya mazoezi ya lugha.

Historia ya Komini ni fupi. Dereva wa lori alikimbia vita vya kwao miaka ya sitini, lori likamfia mahali pale, akajenga. Wakaja shemeji zake, kisha fundi cherehani na mkewe, kisha wapiga gitaa ambao kila mwezi walikuwa wanahama kesho. Kifaransa cha wengi kilitosha salamu na hotuba. Mambo mengine yote, kuanzia mapenzi hadi matusi, yalikwenda kwa Kiswahili cha Bukavu. Kulikuwa pia na Wakenya wawili, vibarua wa kiwandani, waliohesabiwa kuwa raia kamili ila hawakuruhusiwa kuhutubia. Mimi niliruhusiwa. Nilihutubia mara moja, na watu wakanisikiliza kwa upole uleule wanaompa mgonjwa.

Komini ilikuwa na meya. Alishika ufunguo wa bomba, akaamua ugomvi, na kwenye harusi na misiba akavaa begani utepe mpana wa rangi tatu. Kila mwaka alichaguliwa upya: wagombea walikaa vitini karibu na bomba, na kila nyumba ikaweka jerikeni nyuma ya mtu iliyemtaka. Nchi nzima haikuwa ikichagua chochote wakati huo. Jenerali aliyetwaa serikali alikuwa ameshatupunguzia usumbufu huo.

Mwaka niliokuwepo alishinda fundi cherehani. Huko kwao, meya mpya huenda kumwamkia mkuu wa kambi iliyo karibu, ajulikane. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alivaa utepe, akavuka barabara hadi kwenye nyumba za askari, akajitambulisha kwa sajini wa zamu kuwa yeye ndiye meya aliyechaguliwa na wananchi.

Hakurudi.

Mchana mkewe alikuja mlangoni kwangu. “Mwalimu, twende. Wewe unajua maneno ya serikali.” Sikuwa mwalimu, na maneno ya serikali niliyoyajua yalikuwa “ndiyo” na “samahani.” Lakini lori la jeshi lilipita kwenye nyumba zile za askari kila jioni kuchukua waliokamatwa, na hatukuwa na desturi ya kuuliza lilikokwenda. Tukaenda.

Fundi alikuwa ameketi chini katika kibanda cha zamu, viatu vimevuliwa, utepe bado begani. Sajini, mtu wa kaskazini mwenye sauti ya taratibu, alinitazama mimi kwanza.

“Hii mzee anasema watu wamemchagua. Watu gani?”

Nilianza kueleza historia ya serikali za mitaa. Mke wa fundi akanisukuma pembeni.

“Afande, ni jirani tu. Tulichagua mtu wa kushika ufunguo wa maji.”

“Kwa nini hamkuniuliza?”

“Wewe una bomba lako, afande.”

Askari mmoja alicheka, akaacha. Sajini alifikiri. “Uganda hakuna kuchagua. Mtu anateuliwa. Mimi namteua huyu kushika hiyo ufunguo. Mzee, nani amekuteua?”

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote niliyowahi kusikia, na jibu lake lilikuwa limeshatolewa. Fundi alinyoosha mgongo.

“Mimi sikuteuliwa. Nilichaguliwa.”

Sajini aligeuka kutazama barabarani, upande ambako lori hutokea.

“Baba,” mkewe alisema, bila kupandisha sauti, “umechaguliwa na jerikeni. Ukichukuliwa leo, jerikeni zitanilelea watoto?”

Fundi alitazama miguu yake mitupu. Nilianza kumtungia jibu kichwani, kwa Kifaransa, na hata hilo lilikuwa na makosa.

“Umeniteua wewe, afande,” alisema hatimaye.

“Vaa kiatu. Hiyo kitambaa acha hapa.”

Uani watu walikuwa wamekusanyika karibu na bomba wakisubiri. Meya alipanda juu ya tofali alilozoea kusimamia wakati wa hotuba. Safari hii hakusema Kifaransa. Alisema kwa Kiswahili kwamba askari wamemteua, naye amekubali mbele ya mkewe na ya huyu msomi, na kwamba mtu aliyeteuliwa si meya. Wakitaka wachague mwingine, ufunguo huu hapa.

Ufunguo ulibaki mkononi mwake. Kila mmoja wetu alikuwa ameona alikotoka, na hakuna aliyetaka kuwa meya mpya wa kwenda kuwaamkia askari.

“Lakini maji yatafunguliwa?” aliuliza mjane wa yule dereva.

Fundi akashuka kwenye tofali, akafungua.