Mvua Chini ya Lori

Juzi nilitazama filamu ya binti mmoja wa Vwawa, aliyoitengeneza kwa kamera ya kuazima, kuhusu marafiki wawili wasio na makazi. Nilitoka ukumbini kabla haijaisha.

Utotoni, mimi na rafiki yangu Atupele tulikuwa tukilala mitaani Tunduma. Alasiri ile ya mvua tulijibanza chini ya lori lililosubiri kuvuka mpaka, penye harufu ya dizeli na mahindi yaliyolowa. Atupele alikuwa akikohoa tangu asubuhi, mwili ukimtetemeka. Nilimfunika gunia, nikamkumbatia. Kikohozi kilipokoma nilifurahi, nikajua amepata joto.

Mama mmoja muuza chapati aliinama, akamgusa shavu, akapiga yowe.

“Mama, taratibu,” nilimnong'oneza. “Ndiyo kwanza amelala.”