Ukuni wa Nne

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu pale Simbo aliyepita kando ya pipa la chikichi linalochemka bila kusukuma ukuni mmoja motoni. Iliaminika kwamba mwenye kijicho akilitazama pipa na kuondoka bila kuchangia moto, chikichi hukataa kutoa mafuta. Sijawahi kuona ushahidi wa imani hiyo, na nimeutafuta. Lakini mwaka niliotimiza miaka kumi, imani hiyo ilitumika kumhukumu mwanamke asiye na kosa, nami nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikijua.

Lazima nianze na kijicho changu. Neema, binti wa marehemu mjomba wangu, aliletwa kwetu kutoka Kidahwe baada ya mama yake naye kufariki. Tulikuwa rika moja na tulilala kitanda kimoja. Mimi nilibatizwa nikiwa na majuma matatu, kwa hiyo waliokuwa wameshangilia walikwisha kusahau. Neema alikuwa bado. Tulipoandaliwa kwa Komunyo ya Kwanza, iliamuliwa abatizwe katika misa hiyohiyo. Angepata gauni la satini kutoka Ujiji, mshumaa wake mwenyewe, na mama wa ubatizo. Mimi ningevaa gauni langu la Krismasi, pindo likiwa limeshushwa.

Mama wa ubatizo aliyechaguliwa alikuwa jirani yetu, Mama Dafroza, aliyevuka kutoka Burundi akiwa msichana na kuolewa kijijini kwetu. Ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Alikuwa na desturi ya kunishika kidevu na kuniita "mwana wanje", mwanangu, kwa lugha ya kwao. Niliamini jina hilo ni langu peke yangu, hadi siku niliposikia Neema akiitwa hivyohivyo.

Kisha katekista akatueleza kwamba maji ya ubatizo huondoa dhambi zote, hivyo anayebatizwa hana haja ya kuungama kwanza.

"Kwa hiyo mimi siungami?" Neema aliuliza.

"Huungami."

Akanigeukia, ameuma mdomo ili asicheke. "Pole, Skola. Kaseme na zangu."

Nilimwonea kijicho hata kwa dhambi ambazo hangelazimika kuzitaja.

Alhamisi ya juma lile, Bibi aliinjika pipa la chikichi. Mafuta yake ndiyo yangeleta satini. Mchana wanawake walikwenda kusali kwenye jumuiya, na Neema akafuatana nao. Nilisema tumbo linaniuma, nikabaki. Nilizivuta kuni zote nne kutoka chini ya pipa. Tatu niliziacha kando, zikifuka moshi. Ya nne niliitupa migombani. Nimejihoji mara nyingi kuhusu nia yangu, na jibu halibadiliki: sikuwa na mpango wowote, nilitaka tu kitu cha Neema kiharibike. Kisha nikaenda kulala.

Waliporudi, moto ulikuwa hafifu na maji yamepoa. Wakaukoleza kwa haraka, wakatwanga, wakakamua. Chikichi ambazo hazikuiva hazitoi mafuta, na hayo ndiyo maelezo yote yanayohitajika. Lakini Shangazi Perpetua, dada mkubwa wa baba, hakutafuta maelezo. Alitafuta mtu. Mtoto mmoja akasema amemwona Mama Dafroza akipita uani kwetu, na kesho yake Mama Dafroza akaitwa mbele ya wanawake.

"Ulipita hapa?" Shangazi aliuliza.

"Nilipita."

"Ulitia kuni?"

"Nilitia."

"Na moto ukazimika! Kuni gani hiyo, ya barafu?"

Wanawake walicheka. Shangazi akaonyesha jivu kwenye pindo la kitenge cha Mama Dafroza. "Na hili? Ulikuwa unachimba nini motoni kwa watu? Hawa wa kutoka ng'ambo, huwezi kujua wamebeba nini. Mtu wa namna hii atamwekea mtoto wetu mkono begani, mbele ya altare?"

Mama Dafroza alinitazama. Haikuwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sina la kuongeza," akaondoka. Bibi hakumwita arudi, na ikaeleweka kwamba Neema angetafutiwa mama mwingine. Neema akalia. Nakiri kwamba kilio kile kilinifurahisha.

Jioni ile nilimkuta Mama Dafroza peke yake bombani. Alinitwika ndoo kichwani kwanza, ndipo akasema.

"Skola. Nilikuona kwa mbali ukitoa kuni nne. Mimi nilirudisha tatu, ya nne sikuiona."

Maji yalinimwagikia shingoni. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema pale, ungeitwa mchawi mpaka uolewe. Hilo jina nimelivaa leo tu, tayari linawasha." Hakutabasamu. "Lakini usidhani nimeona mchezo. Nimeona ubaya, mwana wanje, na nimekuambia mwenyewe. Kesho unaungama. Jumapili Neema anabatizwa. Nafasi unayo."

Ningependa kuandika kwamba nilitubu palepale. Nilimchukia zaidi. Nilitembea na ndoo yangu nikiwaza kwamba mtu anayeweza kunyamaza namna ile kwa ajili ya mtoto wa jirani, Neema ndiye angempata kuwa mama yake mbele ya Mungu.

Kwa hiyo Jumamosi niliingia kitubioni na mpango. Kama Padre angeyapokea maneno yangu, niliwaza, yangekuwa kweli.

"Unibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Hii ni mara yangu ya kwanza. Mama Dafroza ana kijicho. Anaharibu mawese ya watu. Na tena ana jivu."

Padre alisogea karibu na wavu.

"Huyo Mama Dafroza, yuko kwenye foleni huko nje?"

"Hapana, Padre."

"Basi mwachie zake, atazileta mwenyewe. Wewe umeleta nini?"

Nilianza na sukari niliyoilamba jikoni, nikaishia kwenye ukuni wa nne. Padre alinisikiliza hadi mwisho, akaniondolea dhambi, kisha akasema kwamba jina la mtu likichukuliwa hadharani, halirudishwi kwa kunong'ona. Yeye hangeweza kumwambia mtu yeyote. Mimi ningeweza.

Nilimkuta Bibi uani na Shangazi Perpetua, wakipepeta mchele wa sikukuu.

"Bibi, kuni nilizitoa mimi."

Shangazi aliangusha ungo. "Umesikia? Yule Dafroza amekwisha kumwingia mtoto! Sasa anasema kwa kinywa chake!"

Tangu nisome sheria nimekutana na madai mengi dhaifu, lakini hayo hayanitishi. Yanayonitisha ni yale ambayo kila ushahidi wa kuyapinga hugeuzwa kuwa ushahidi wa kuyathibitisha. Jivu la kitenge lilipatikana kwa kuokoa moto, likasomwa kama alama ya uchawi. Ungamo langu likasomwa hivyohivyo.

Bibi hakubishana. Aliniuliza jambo moja tu. "Ziko wapi?"

"Tatu alizirudisha Mama Dafroza. Moja iko migombani."

"Kailete."

Nilirudi na ukuni wa mkaratusi, ncha moja imeungua. Bibi aliupokea, akaugeuza, akajifunga kitenge cha kutokea. Alivuka njia akiwa ameushika mkononi, wanawake wote wakiona, hadi mlangoni kwa Mama Dafroza. Aliomba msamaha kwa sauti ya kusikika barabarani. Shangazi Perpetua hakwenda. Hadi leo hanywi maji nyumbani kwa Mama Dafroza.

Jumapili, Neema alibatizwa akiwa amevaa gauni langu la Krismasi, kwa amri ya Bibi. Mimi nilipokea Komunyo ya Kwanza nikiwa nimevaa shati la shule. Mkono wa Mama Dafroza ulikuwa begani kwa Neema, na maji yakatiririka, na dhambi zote za Neema zikaisha bila yeye kutaja hata moja. Nilitazama kutoka benchi la tatu. Dhambi yangu ilikuwa imesamehewa. Kijicho kilikuwa palepale.

Kanisa linafundisha kumwonya mkosaji faraghani kabla ya kumpeleka mbele ya watu. Nilipokuwa mwanafunzi nililiona fundisho hilo kama kanuni ya mwenendo, tena yenye upungufu, kwa sababu linaweza kuwaficha waovu wakubwa, na hao mahali pao ni mahakamani. Lakini najua lilinifanyia nini. Mama Dafroza aliuona ubaya wangu kwa usahihi kuliko mtu yeyote pale uani, wala hakuupunguza hata kidogo. Alikataa tu kuufanya uwe jina langu. Shangazi, aliyeuona ubaya kila mahali, hakuwahi kuuona uliokuwa hatua tatu kutoka kwake.

Mama Dafroza sasa ni mzee, na Neema ndiye anayemtunza. Mwezi uliopita nilitoka mjini kuwatembelea. Niliwakuta pipani, wakicheka jambo ambalo hawakunieleza, na kitu cha zamani kikanichoma kifuani, mahali pake palepale. Sikujidanganya kuhusu jina lake. Niliinama na suti yangu ya kazini, nikasukuma ukuni mmoja motoni.

Mama Dafroza, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, aligeuza kichwa.

"Ukuni umeingia wote?"

"Umeingia, Mama."

"Sukuma tena kidogo."

Nikasukuma.