Pedali ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mdogo alikuwa anachuchumaa kwenye korido kuikagua baiskeli yake. Anabonyeza tairi la mbele, anabonyeza la nyuma, anavuta breki, halafu anazungusha pedali kinyumenyume huku ametega sikio. Mwenye haraka ya kupita angoje. Akiridhika ndiyo anauliza, "Haya, nani mwingine kaamka?"

Baiskeli ile ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Kila Jumatatu anaipakia kwenye basi la saa moja, anashuka kwenye vimji ambako washonaji hawana fundi, anaendesha nyumba hadi nyumba, Jumatano anarudi. Bila baiskeli angekaa nyumbani, na hicho ndicho alichokitaka mumewe, baba mdogo.

"Mke wa mtu analala gesti kila wiki," alikuwa anasema bila kumtazama mtu. "Eti sindano imekwama."

Mama mdogo naye hakuwa na wa kumwamini. Kituoni hasa alimshuku mpakiaji mizigo, tuliyemwita Kamba kwa sababu ya kamba aliyoining'iniza begani kutwa nzima. Baiskeli haikubaliwi kwenye buti ikiwa na pedali, maana zinatoboa mizigo ya wengine. Kwa hiyo Kamba anazifungua, anamkabidhi mwenyewe, ndipo anailaza. Mama mdogo alikuwa anamsimamia kichwani mpaka mlango wa buti ufungwe. Pedali zenyewe alizitia alama kwa rangi ya kucha, asije akabadilishiwa.

Jumatatu ile nilimsindikiza, nimembebea sanduku la vifaa. Kamba alifungua pedali ya kulia, akahamia ya kushoto. Spana ikateleza. Akaipachika tena, ikateleza tena. Akainama.

"Fundi, hii nani kaitafuna?"

"Nani kama si wewe! Nilijua tu ipo siku."

"Mama, umeniangalia mpaka nimechakaa. Hebu leo angalia na chuma."

Akaiinua baiskeli. Pale spana inaposhika, pembe zilikuwa zimelika, na juu yake kuna alama za meno ya plaizi.

"Ya kushoto inafunguka kinyume na ya kulia," Kamba alisema. "Hapa kituoni hata ukituamsha usingizini tunajua. Huyu kavuta upande wa kukazia, kwa nguvu zake zote. Si mwenzetu huyu. Mtafute nyumbani."

Abiria mmoja akacheka. Mama mdogo akanigeukia mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

"Sema."

"Juzi ulipokwenda kusuka," nikasema, "baba mdogo alikuwa koridoni na plaizi. Alisema anaipaka mafuta."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mamdogo."

Basi likaondoka. Tulirudi kwa miguu, yeye anasukuma baiskeli yenye pedali moja, mimi nyuma na sanduku.

Baba mdogo alikuwa kitini, redio mapajani. "Mbona mmerudi? Basi limekufa?"

Mama mdogo akampita, akaingia chumbani, akapiga magoti, akavuta kitu alichokuwa amekigusa na fagio chini ya kitanda. Lilikuwa boksi la friji, limekatwa na kugundishwa upya, refu na jembamba, kitu chenye pedali kisingeingia. Juu yake kuna namba ya simu ya kaka yake baba mdogo, kwa kalamu nene.

"Hili la nini?"

"La kuwekea vitu."

"Vitu gani vyenye magurudumu mawili?"

Baba mdogo akazima redio. "Kaka ana shida nayo kuliko wewe. Na wewe ungepumzika kidogo."

"Mimi ungeniambia nini? Imeibiwa?"

"Si wewe mwenyewe unayesema kila siku kina Kamba ni wezi?"

Hapo mama mdogo akakaa kitandani. Akalitazama lile boksi. Nilidhani atapiga kelele, kwa sababu kelele anazijua. Akainuka, akakunja magauni yake manne, akayatia kwenye begi na viatu vya mvua. Akanipokonya sanduku la vifaa, akalifunga kwenye keria.

"Utapandaje basi la mchana na pedali haifunguki?" baba mdogo aliuliza kutoka mlangoni.

"Kamba ataifunga gunia."

"Kamba, Kamba! Leo si mwizi tena?"

Mama mdogo akashika usukani. Nikamshikia mlango baiskeli ipite.

"Mamdogo, Jumatano nije kukupokea kituoni?"

"Usije," akasema. Akanishika shavu kwa mkono wenye grisi, akaenda. Hakuweza kuipanda kwa pedali moja, akaisukuma, kupita duka la kona, kupita kwa kinyozi, bila kugeuka.

Jumatano nilikwenda hata hivyo. Kamba alishusha mizigo yote, akainama kuchungulia ndani ya buti kana kwamba ananitafutia baiskeli, halafu akafunga mlango.