Zambarau na Kona ya Njano

Jambo la mwisho la kawaida tulilofanya mimi na mke wangu ni kubishania nembo ya duka lake la khanga, Temeke. Yeye alitaka zambarau itawale, njano ibaki kona moja tu. Mimi nilitaka zigawane nusu kwa nusu.

“Khanga gani pindo lake linalingana na mji wake wa katikati?” alinicheka. “Jicho litatua wapi, mume wangu?”

Wiki hiyohiyo alifariki, na duka likafungwa.

Juzi nilikwenda kwa mchapaji wa mabango, ambaye alikuwa na nembo zetu zote mbili tangu mke wangu akiwa hai. “Shikamoo, mzee,” akaniamkia. “Tufuate ya marehemu au ya kwako?”

Akazifungua zote mbili. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akachungulia kompyuta. “Hiyo ya nusu kwa nusu ni bendera, baba. Utapigiwa saluti, huuzi kitu!”

Nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Tunadhani ulinganifu ni kugawana sawasawa. Nyumbani kwetu yeye alikuwa zambarau, mimi ile kona, na nyumba ilisimama.

“Chapa ile ya marehemu,” nikasema.

Asubuhi iliyofuata nililitundika bango, nikafungua duka. Mteja wa kwanza akauliza kama duka bado ni la yule mama wa khanga.

“Ni lake,” nikamjibu. “Karibu ndani.”